Tabaka la Sitini na Moja

Habari kwamba ipo mashine inayosoma mikono ya marehemu ilifika Endasiwo wiki mbili kabla ya mashine yenyewe, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Speransia Ntandu aliliona hilo kabla hajashusha hata begi. Mawe arobaini ya duara, yaliyosimamishwa pale na watu ambao hakuna aliyewahi kujua ni nani wala walitaka nini, yalikuwa yaking'aa kama sufuria za shughuli. Watu wa kijiji cha Juu walikuwa wamekuja kuyashika. Walikuja na wachanga wao, wakawabandika viganja. Shule ya msingi ikapanga mstari, darasa baada ya darasa. Bibi mmoja aliyepooza akabebwa na kitanda chake. Watu wa Bondeni waliposikia hawakukubali kupitwa. Nao wakaja, na kwa kuwa ni wafugaji na wana akili zao, wakapaka samli kwanza ili alama ikamate. Kila upande ulitaka mashine ikifika ikute mikono yake, tena mingi.

"Dada Spera," alisema Hizza, fundi wake, akinusa kidole alichokuwa amekipitisha juu ya jiwe, "hapa hakuna cha kupima. Labda tuwasaidie kukaanga maandazi."

Siku nyingine angecheka. Hizza, mtu wa Lushoto, alikuwa amefanya naye kazi miaka saba na aliweza kumchekesha hata msibani. Lakini tangu warudi kutoka Kisuluhi, Speransia hakuwa mtu wa kutulia. Akikaa anasimama, akisimama anatafuta pa kukaa. Kule Kisuluhi alisoma kipande kimoja cha chungu, akatoa jibu, jibu likawa la kweli, na kaya mia sita zikahamishwa ndani ya siku arobaini. Alimwona mama mmoja akiondoka na mlango wa nyumba yake mgongoni. Mlango tu, bila nyumba. Mpaka leo hajui yule mama alikwenda kuufunga wapi.

Hiyo ndiyo ilikuwa Sheria ya Mkono wa Kwanza. Ilipopitishwa, mwaka 2081, nchi nzima ilipiga vigelegele. Watu walikuwa wamechoka na kesi za ardhi zinazorithiwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu. Sasa shahidi angekuwa jiwe, na jiwe halina shemeji wala halipokei bahasha. Penye ugomvi wa ardhi, kikipatikana kitu cha kale, kinasomwa. Uzao wa aliyekigusa wa kwanza ndio wenye ardhi, na upande wa pili unafungasha. Asipopatikana wa kwanza, ardhi inaandikwa haina shahidi, na Mamlaka inaichukua kupanda vioo vya umeme wa jua. Vita vya panzi, neema ya kunguru.

Speransia alikuwa mmoja wa wasomaji kumi na wawili wa mwanzo wa mahakama hiyo ya mawe. Alikwisha toa hukumu kumi na tisa. Endasiwo ingekuwa ya ishirini, na ndani ya duara la Endasiwo kulikuwa na chemchemi, maji pekee kati ya kijiji cha Juu na kijiji cha Bondeni. Atakayepoteza duara amepoteza maji, na aliyepoteza maji hakai.

*

Wawakilishi walikuwa wawili. Wa Juu alikuwa Boay Hhando, mkulima wa vitunguu swaumu, mwanamume wa miaka hamsini aliyeongea kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya zamu. Wa Bondeni alikuwa Udameng, daktari wa mifugo, mwanamke mrefu aliyependa kumwacha mtu amalize upumbavu wake wote ndipo aseme neno moja.

"Umeona mwenyewe, mama mtaalamu," alisema Boay. "Hawa wamepaka mafuta ushahidi. Mtu mwenye haki anapaka mafuta ushahidi?"

"Ninyi mlipanga foleni," alisema Udameng.

"Sisi tulikuja kumsalimia Bibi!"

Alimaanisha jiwe la katikati, lile pekee lililolala, pana na zito kama fahali wawili. Watu wa Juu walisema ni bibi yao aliyekataa kuhama. Watu wa Bondeni walisema ni fahali wa kwanza kunywa pale, akanywa mpaka akashindwa kuinuka. Kila upande ulikuwa na wimbo wake wa kuthibitisha.

"Mmegusa juu," alisema Speransia. "Chini hakuna aliyegusa. Tutaliinua."

Wote wawili wakaligeukia gari lake, kutafuta winchi. Ikabidi awaeleze. Winchi haitakiwi, maana mtetemo wake unapukutisha kinachosomwa. Sheria inataka mikono ya watu, idadi sawa kila upande ili asiwepo wa kufanya ujanja. Kumi na wawili wa Juu, kumi na wawili wa Bondeni.

"Pamoja na hawa?" aliuliza Boay.

"Pamoja na hawa."

"Miaka mitatu hatujasalimiana nao."

"Hamtasalimiana," alisema Udameng. "Mtainua."

*

Asubuhi ya pili waligombana kwanza kuhusu nani ahesabu, kisha kuhusu kuhesabu kwa lugha ya nani, mwishowe Hizza akahesabu kwa Kiswahili kwa sauti ya mnadani. Moja. Mbili. Tatu.

Walikuwa wamejiandaa kwa kazi ya siku nzima. Jiwe liliitika kwa mara ya kwanza. Miti ya kuinulia ilipenya chini yake kama kijiko kwenye uji, na upande mmoja ukapanda polepole hadi ukasimama, huku upande wa pili ukibaki ardhini. Watu wakatazamana. Boay, ambaye tangu alfajiri alikuwa akitukana chini kwa chini, alisahau matusi yake yalikuwa yamefika kwa nani.

Hizza alichuchumaa na tochi. "Dada Spera, njoo uone."

Ukingoni mwa jiwe, upande wa chini, kulikuwa na mifuo ya kuingizia miti. Kumi na miwili upande wa Juu, kumi na miwili upande wa Bondeni. Ilichongwa zamani, na ilikuwa laini kabisa, imelambwa na miti mingi kupita idadi.

"Aliyechonga hii alijua tutakuja," alisema Hizza, na safari hii hakuwa anatania.

Speransia aliagiza jiwe lifunikwe turubai jeusi haraka, maana jua ni adui wa kazi ile. Chembe ya mchanga ikiwa gizani hujaa nguvu kidogokidogo, mwaka hadi mwaka. Ikionja jua mara moja tu humwaga yote na kuanza upya. Ndiyo maana chembe iliyofichwa chini ya jiwe inaweza kukwambia imekaa gizani miaka mingapi. Hiyo ni elimu ya zamani. Jipya la mashine ya Speransia lilikuwa jasho. Mkono ukishika jiwe huacha chumvi na ngozi. Jiwe likirudi chini, vumbi hugandamana juu yake, tabaka juu ya tabaka, kama ukoko wa sufuria isiyosuguliwa. Mashine hubandua tabaka moja kwa mwali, ikasoma lilifichwa lini na lina vinasaba vya nani, ikalinganisha na damu ya walio hai. Lakini inachokisoma inakiunguza. Hakuna kusoma mara mbili.

Kwa sababu hiyo, kila tabaka lilihitaji kibali cha pande zote. Boay na Udameng waliingia chini ya turubai naye, wakaketi mmoja kulia mmoja kushoto, kila mtu na kidole gumba chake juu ya kioo cha mashine. Joto lilikuwa la tanuri. Nje, watu ishirini na wanne walishikilia miti.

"Tutapata matabaka mawili," aliwaambia. "Siku lilipowekwa, na pengine siku moja lilipoguswa na mtu mwingine. Bonyezeni."

Wakabonyeza. Mashine ikanguruma. *Miaka 180. Mikono ishirini na minne. Kumi na miwili ya Juu. Kumi na miwili ya Bondeni.*

"Imekosea," alisema Boay.

"Bonyezeni tena."

*Miaka 211. Mikono ishirini na minne. Kumi na miwili ya Juu. Kumi na miwili ya Bondeni.*

*Miaka 240.* Vilevile. *Miaka 271.* Vilevile.

Walibonyeza hadi saa nane mchana. Boay aliacha kusema mashine imekosea kwenye tabaka la tisa, na kwenye la ishirini alibonyeza kabla hajaambiwa. Kwenye la thelathini na tatu mashine ilitaja mkono wa mtu aliyekuwa na damu ya pande zote mbili, na Udameng akacheka kidogo puani. Kila miaka thelathini hivi, ikizidi mwaka au kupungua mwaka, watu wale wale wa pande zile zile walikuja, wakaliinua jiwe, wakalirudisha. Chini yake hapakuwa na kaburi, hazina wala maandishi, ila udongo uliopata jua kwa muda wa asubuhi moja kisha ukafunikwa. Wakaenda zao, wakawaachia watoto wao kazi.

Tabaka la sitini liliungua. Mashine ikaandika makadirio ya uso tu, bila kuunguza: *Limebaki moja. Miaka 1990, pungufu au zaidi. Mkono mmoja.*

Mkono mmoja tu. Speransia alisogea karibu na kioo. Maisha yake yote alikuwa amengoja kuusoma mkono wa namna ile.

"Tupumzike," alisema, na akatoka nje kabla hawajamjibu.

*

Alizunguka mawe mara mbili, akarudi, akazunguka tena. Hizza alimfuata na chupa ya maji.

"Kwa nini huketi?"

"Wameacha kuliinua miaka mia na themanini," alisema Speransia. "Hizza, unajua miaka mia na themanini iliyopita palitokea nini hapa? Nimeangalia ramani ya zamani. Mzungu alipitisha mpaka. Juu wilaya moja, Bondeni wilaya nyingine, kuvuka ni kwa kibali. Wale waliotakiwa kuliinua mara iliyofuata hawakukutana, wakafa. Watoto wao wakaanza kuuliza jiwe ni la nani."

"Na jiwe ni la nani?"

"Si la mtu! Ni kazi. Lilichongwa liwe zito, upande mmoja peke yake usiliweze. Miaka thelathini mgombane, mnyang'anyane ng'ombe, muoane, mfanye mtakavyo, lakini siku ikifika mtahitajiana hapa. Ndiyo shughuli yake yote." Alipokea maji asiyanywe. "Na tumefika mimi na wewe, tumewaunguzia ushahidi sitini kati ya sitini na moja ili tujue nani afukuzwe."

Hizza alikuna kidevu. "Basi usisome la mwisho."

"Nisiposoma, linaandikwa halina shahidi. Mamlaka inachukua, wote wanahama."

"Basi soma."

"Nikisoma, mmoja anahama."

"Mmoja ni afadhali ya wawili, Dada Spera. Hesabu haina hasira."

Hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu ndilo alilojiambia Kisuluhi. Na kulikuwa na jingine ambalo alimficha hata Hizza: alitaka kusoma. Alitaka kwa uchu, kama mgonjwa aliyekatazwa chumvi. Huyo mtu mmoja aliyelishika jiwe kabla hajapatikana wa kulishika naye, alikuwa nani? Kidole kikibonyezwa atajua, na hakuna mwingine duniani atakayejua tena.

Alifungua fomu ya taarifa, walau mikono iwe na kazi. Fomu hiyo alikuwa ameijaza mara kumi na tisa. Swali la kwanza lilikuwa: *Je, kitu hiki kimekwisha koma kutumika?* Mara zote kumi na tisa alitia alama ya Ndiyo bila hata kusoma, kwa sababu mahakama ya mawe inahusika na masalia tu, na nani angeiita ikiwa si masalia? Kitu kinachotumika bado, sheria inasema, ni mali ya wanaokitumia.

Safari hii alilisoma neno kwa neno. Kisha akawaangalia watu ishirini na wanne walioshika miti kwa zamu, wa Juu na wa Bondeni, wakipokezana kibuyu kimoja cha maji kwa sababu hakuna aliyekuwa na mkono wa pili wa kushika chake.

*

Aliwaeleza wote wawili chini ya turubai. Aliwaambia kila kitu, pamoja na uchu wake.

"Mkilirudisha leo, ninyi wenyewe, kwa hiari, na mkaandikiana kuliinua tena baada ya miaka thelathini, mimi naandika kwamba linatumika. Mahakama haina kesi hapa. Chemchemi inabaki ya wote. Ila hamtajua nani alikuwa wa kwanza. Hamtajua kamwe."

"Na tukisoma?" aliuliza Boay.

"Mmoja wenu anashinda."

"Ni sisi," alisema Boay. "Mama mtaalamu, mimi nakuheshimu, lakini baba yangu alikufa akisema ni sisi. Niende kaburini nimwambie mwanaye mwenyewe ndiye aliyeogopa kuangalia?" Macho yalimlowa, naye hakujificha. "Soma."

Akaweka kidole gumba juu ya kioo, akakigandamiza mpaka ukucha ukawa mweupe.

Speransia alimgeukia Udameng. Aliiondoa mikono yake kwenye mashine. Kibali hakikuwa chake.

Udameng aliinua mkono wake, akaushusha karibu kabisa na kioo, akauacha hapo. Nje mtu alipiga chafya na mti mmoja ukalia. Jiwe likateleza kidogo, ukasikika upande wa Juu wakikaza na upande wa Bondeni wakijibu, pasipo mtu kuhesabu.

"Boay," alisema Udameng. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Tuseme ni ninyi. Sisi tumekwenda. Nani atashika upande huu?"

Boay alitazama mifuo kumi na miwili ya upande wa Bondeni. Akatazama kidole chake.

"Wataniita msaliti," alisema.

"Na mimi pia."

"Wewe umezoea kutukanwa. Wafugaji mna ngozi ngumu."

"Toa kidole, Boay."

Alikitoa taratibu, kama mtu anayekibandua kwenye asali, akakifuta kwenye suruali mara mbili. Kisha akatoka nje akawaambia watu wake, na kelele zilizofuata zilisikika hadi kijijini. Wengine walimwita mwoga. Qamara, shemeji yake, aliyeshika nafasi ya ukingoni, aliacha nafasi yake, akatema mate, akaondoka akiapa kutokula tena nyumba moja naye. Aliyeshika ukingoni ndiye wa kuliongoza jiwe kwa viganja lisijipinde likishuka. Likishuka bila yeye lingepasuka.

"Nani anaingia?" alipaaza sauti Boay. Watu wa Juu walioketi pembeni waliangalia chini. Kulirudisha jiwe ilikuwa ni kukubali, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukubali mbele za majirani. Mikono ya walioshika miti ilikuwa imeanza kutetemeka.

Speransia alitia alama kwenye fomu: *Hapana*. Akaandika mistari miwili, Boay na Udameng wakaweka sahihi zao huku wakihema, akaituma. Akasubiri mpaka ikajibu imepokelewa. Kisha akavua glavu.

"Dada Spera!" Hizza alishtuka kweli. Kiapo cha msomaji kina katazo moja lililo juu ya mengine yote: hagusi jiwe kwa mkono mtupu. Akigusa, leseni inafutwa siku hiyo hiyo kwa maisha yake yote, na jiwe alilogusa halisomwi tena na msomaji yeyote wa mahakama.

"Najua," alisema. "Hesabu."

Aliingia nafasi ya ukingoni, akaweka viganja. Jiwe lilikuwa na ubaridi ambao hakuutegemea katika joto lile. Sentimita chache kutoka kwenye vidole vyake kulikuwa na tabaka la mwisho, na ndani yake mkono wa mtu mmoja, na aliumia kwa kuuacha, aliumia waziwazi mpaka machozi yakamtoka mbele ya umati, wala hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Moja," alisema Hizza. "Mbili."

Jiwe likashuka. Liligoma katikati, upande wa Bondeni wakasukuma, upande wa Juu wakavuta, Boay akiwa ameshika mti kwa mikono na kwa kifua. Speransia aliliongoza mpaka mwisho, akasahau kwamba vidole vyake viko chini yake.

"Ondoa mikono, wewe mwanamke!" Boay alimfokea, si kama mtaalamu wala mgeni, alimfokea kama anavyofokewa mtu wa nyumbani. "Ondoa!"

Akaiondoa. Jiwe likakaa.